Taa Zilizorudi Dukani

Taa ya kwanza ilirudi Januari 2017, imefungwa ndani ya leso pamoja na vipande viwili vya samaki mkavu. Aliyeileta alikuwa mama muuza samaki kutoka Kalokol, shingo imejaa shanga hadi kidevuni. Alikuwa amepanda gari alfajiri kuja Lodwar kwa shughuli hiyo tu. Akaiweka taa juu ya kaunta, akabonyeza kitufe mara tatu. Kimya. Kisha akatoa kadi ya manjano aliyoihifadhi ndani ya karatasi ya plastiki, akainyoosha kwa kiganja.

"Kijana, si ni wewe uliandika hapa mwaka mmoja?"

Ni yeye. Mwandiko ulikuwa wake, na muhuri wa duka ulikuwa ule aliougonga kwa mkono wake mwenyewe mwezi Novemba. Kijana huyo, ambaye leo ndiye mwandishi wa kumbukumbu hizi, alikuwa karani wa hesabu katika duka la taa za sola mjini Lodwar. Alikuwa amefaulu nusu ya mitihani ya CPA, na alijiona amefika. Alimpa mama taa nyingine, akamtakia safari njema, kisha akafungua leja na kubaki ameshika kalamu. Aandike nini? Mwishowe akaandika: "Taa 1, hasara, Januari."

Maneno hayo manne yalikuwa na makosa mawili. Ilimchukua karibu mwaka mzima kuyaona.

Duka lilikuwa limetoka kwenye msimu mzuri. Kati ya Oktoba na Desemba 2016 liliuza taa 400 kwa shilingi 2,500 kila moja, yaani shilingi milioni 1 kamili. Kila taa ilikuwa imenunuliwa kwa shilingi 1,900, kwa hiyo faida ghafi ikawa 240,000. Mzee mwenye duka alizichukua fedha hizo bila kusita. Nyingine zililipa karo ya Januari, nyingine zikanunua mabati ya stoo aliyotaka kuifungua Kakuma. Vitabu vilisema faida ipo, na karani ndiye aliyeviandika.

Biashara yenyewe ilikuwa na mantiki. Bwawa la Turkwel lina mitambo ya kuzalisha megawati 106 tangu 1991, lakini umeme wake ulipelekwa kwenye gridi ya taifa, na kwa miaka mingi mji wa Lodwar uliwashwa kwa jenereta za dizeli. Nje ya mji hapakuwa na nguzo wala waya. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa mradi wa KOSAP, wa kupeleka umeme wa jua katika kaunti 14 zilizosahaulika na gridi, Turkana ikiwemo. Mwenye duka hakuhitaji kusubiri mradi wowote kujua kwamba watu wanataka mwanga.

Wala ile ahadi ya mwaka mmoja haikuwa ukarimu wa duka. Mpango wa Lighting Africa, ulioanzishwa na Benki ya Dunia pamoja na IFC, tawi lake linaloshughulikia sekta binafsi, ulikuwa umeweka viwango vya ubora ambavyo taa ndogo ya sola ilipaswa kuvifikia, na mojawapo ni dhamana ya angalau mwaka mmoja kwa mteja. Mitambo mikubwa ya nyumbani ilitakiwa miaka miwili. Juu ya hilo, Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 ikafuata. Mama wa Kalokol hakuwa amesoma lolote kati ya hayo. Alikuwa na kadi ya manjano, na kadi ilitosha.

Baada yake walikuja wengine. Mwalimu wa shule ya msingi kutoka Kanamkemer, mlinzi wa usiku, wachungaji wawili waliotumia taa moja kwa pamoja. Hadi mwaka ulipokwisha, taa 36 kati ya zile 400 zilikuwa zimerudi. Ishirini zilihitaji betri mpya ya shilingi 450. Kumi na sita hazikufaa kitu, wenyewe wakapewa mpya za shilingi 1,900. Ukijumlisha na shilingi 3,600 za kutuma mizigo Nairobi, ambazo zina kisa chake, gharama yote ilifika shilingi 43,000.

"Faida iko wapi, kijana?" mzee aliuliza siku moja, leja ikiwa wazi mbele yake.

"Iko kwa wateja, mzee."

Hakucheka. Asilimia 18 ya faida ghafi ya msimu ule ilikuwa imerudi mlangoni kidogo kidogo, na hakuna aliyeihesabu siku ya kugawa.

Katika Lodwar ya wakati ule, ukitamka neno dhamana watu wengi walifikiria mahakama: mtu amekamatwa, nduguze wanatafuta fedha atoke. Wafanyabiashara wenyewe walisema waranti. Ila maneno yote mawili yanakutana mahali pamoja. Mtoto wa Uswahilini anaambiwa tangu mdogo kwamba ahadi ni deni, na akikua anautumia msemo huo kumkumbusha rafiki soda aliyoahidiwa. Mhasibu anatakiwa auchukue kama ulivyo, neno kwa neno, aupeleke kwenye mizania. Duka lilipogonga muhuri kwenye kadi 400, lilikopa. Halikujua litamlipa nani, lini, wala kiasi gani. Lilijua tu kwamba litalipa.

Hilo ndilo kosa la kwanza katika yale maneno manne. Hasara haikuwa ya Januari. Ilizaliwa Novemba, siku taa ilipouzwa, na ilipaswa kukaa kwenye hesabu moja na mapato iliyosaidia kuyaleta. Mteja alilipa 2,500 kwa sababu kadi ilikuwepo. Bila kadi angeenda kwa mchuuzi wa barabarani na kununua taa ya 1,200. Mapato yakaandikwa Novemba, gharama ya kuyapata ikaandikwa Januari. Mwaka 2016 ukaonekana umenona, na 2017 ukaonekana umekonda.

Kosa la pili lilikuwa ile "1". Karani aliihesabu taa iliyosimama mbele yake na kuzisahau 399 zilizokuwa bado manyattani na vyumbani mwa watu.

Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 37, ambacho Kenya inakifuata pamoja na vingine vya jamii hiyo tangu 1999, kinauliza maswali matatu kabla ya deni la aina hii kuingia vitabuni. Je, kuna wajibu uliotokana na jambo lililokwisha kutendeka? Je, kuna uwezekano mkubwa zaidi wa kulipa kuliko kutolipa? Na je, kiasi chake kinaweza kukadiriwa kwa njia ya kuaminika? Jibu likiwa ndiyo mara tatu, mhasibu anaweka tengo: anaandika gharama upande mmoja na dhima upande wa pili, hata kama hakuna shilingi iliyotoka.

Swali la pili ndilo lililomtega kijana. Katika taa 100, tisa ndizo hurudi. Ukiishika moja ukajiuliza kama itarudi, jibu la haki ni kwamba pengine haitarudi. Ukiuliza hivyo mara 400, utajibu "pengine haitarudi" mara 400, na tengo litakuwa sifuri. Kiwango kimeliona tatizo hilo. Kinasema ahadi za aina moja zipimwe kwa pamoja, kama kundi.

Mfugaji wa Turkana angelielewa jambo hilo bila kusoma kitabu. Kiangazi kikikaribia hawezi kukuambia ni mwanambuzi gani atakufa. Kwamba wengine watakufa, hilo hana shaka nalo, na anapopanga idadi ya kuuza, kuchinja na kutolea mahari, tayari ameshawatoa hao katika hesabu kichwani mwake. Si hilo tu. Mwanaanthropolojia Philip Gulliver, katika kitabu chake The Family Herds cha 1955, alieleza jinsi Waturkana na jirani zao Wajie walivyopeana mifugo na ndugu na marafiki. Anayepewa mnyama leo anajua kwamba siku moja aliyempa atakuja na haja yake: ana harusi, ana msiba, au ukame umemmaliza. Tarehe haikuandikwa, wala aina ya mnyama. Lakini mwenye kundi anayehesabu wanyama wote walio zizini kuwa ni wake peke yake angeonekana mtu wa ajabu. Duka la Lodwar lilifanya hivyohivyo Desemba 2016. Lilihesabu mbuzi wote kuwa wake.

Kukadiria kiasi ndiko kunakowaogopesha watu. Kiwango chenyewe kinatoa mfano mwepesi. Kampuni inauza bidhaa zenye dhamana. Zote zingekuwa na kasoro ndogo, matengenezo yangegharimu milioni 1. Zote zingekuwa na kasoro kubwa, yangegharimu milioni 4. Uzoefu unaonyesha kwamba asilimia 75 huwa nzima, 20 zina kasoro ndogo na 5 zina kubwa. Chukua asilimia 20 ya milioni 1, ongeza asilimia 5 ya milioni 4, unapata 400,000. Hiyo ndiyo dhima. Hesabu ya shule ya msingi, ila inadai kitu kimoja ambacho duka la Lodwar halikuwa nacho: kumbukumbu za yaliyopita.

Kwa hiyo kijana alinunua daftari la jalada gumu, akalipiga mistari minne. Namba iliyo nyuma ya taa. Tarehe iliyouzwa. Tarehe iliyorudi. Ugonjwa wake.

Safu ya nne ndiyo iliyomfundisha zaidi. Kila taa iliporudi alikaa na fundi kwenye benchi la nyuma ya duka, bisibisi ya nyota mkononi. Kifuniko kikifunguka, vumbi laini kama unga lilimwagika kwanza. Chini yake betri: pengine imevimba kama andazi, pengine imetokwa na chumvi nyeupe kwenye ncha. Pengine betri ilikuwa nzima na waya ndio ulioachia lehemu kwa mtikisiko wa barabara ya kutoka Kitale, kilomita zipatazo 300, ambayo siku hizo sehemu kubwa ilikuwa mashimo. Mafundi wa betri za risasi wana kanuni yao ya zamani: kila joto linapozidi nyuzi 25 kwa nyuzi 10, umri wa betri hupungua karibu nusu. Mchana wa Lodwar huvuka nyuzi 35 mara kwa mara, na taa inayoachwa juani ichaji, huku plastiki yake ikikaangika, hupata joto kuliko hilo.

Ndipo alipoelewa kwa nini asilimia ya Nairobi isingefaa Turkana. Taa ileile ikiuzwa Limuru, kwenye baridi na ukungu, ina maisha mengine. Makadirio yanatoka mahali bidhaa inapotumika. Ofisi inayoandika karatasi haina la kusema hapo.

Kile kisa cha shilingi 3,600 kinamwaibisha mwandishi mpaka leo, lakini kimo. Msambazaji wa Nairobi aliyewauzia taa naye alitoa dhamana ya mwaka mmoja. Kijana aliwaza: kila taa tunayombadilishia mteja, msambazaji ataturudishia. Akaziweka zile 16 mbovu kwenye katoni, akangoja zijae ili aokoe nauli ya mzigo. Vitabuni akaandika shilingi 30,400 kama fedha zinazotarajiwa, na kwa mzee akasema, "Usijali, hizi zinarudi."

Katoni ilipanda basi Agosti 2017. Jibu lilikuja kwa simu baada ya wiki mbili. Mwaka wa msambazaji ulihesabiwa tangu tarehe ya ankara, na ankara ilikuwa ya Julai 2016. Taa zilikaa stoo ya Lodwar miezi mitatu, minne, kabla ya kuuzwa. Mwaka wa mteja ulianza pale kaunta. Mwaka wa msambazaji ulianza ghalani Nairobi, na ulikuwa umekwisha mwezi mmoja kabla ya basi kuondoka. Karatasi ya masharti ilikuwa kwenye faili muda wote. Hakuna aliyeisoma.

Kiwango namba 37 kina neno la kusema hapa pia, na ni neno kali. Fidia unayoitarajia kwa mtu mwingine inaandikwa tu pale ambapo ni hakika kabisa utaipata, na hata hapo inakaa peke yake kama mali. Hairuhusiwi kuitoa kwenye deni lako ili deni lionekane dogo. Mteja anakudai wewe. Kama kuna anayekulipa wewe, hayo ni mambo mengine kati yako na huyo.

Stoo ya Kakuma ilifunguliwa katikati ya 2017. Kakuma iko kilomita zipatazo 120 kaskazini-magharibi mwa Lodwar, kwenye barabara iendayo Lokichoggio. Kambi yake ilianza 1992, vijana waliokimbia vita vya Sudan walipofika kwa miguu, na baadaye yakaongezwa makazi ya Kalobeyei, yaliyokusudiwa wakimbizi na wenyeji pamoja. Wengi waliiona kambi kama mahali pa kugawa chakula. Mzee aliiona kama soko, na Mei 2018 IFC ilitoa utafiti uliompa haki: soko la Kakuma lilikadiriwa kuwa na thamani ya dola milioni 56 kwa mwaka, karibu shilingi bilioni 5.8, likiwa na biashara zaidi ya 2,000.

Msimu wa mwisho wa 2017 maduka mawili yaliuza taa 600: Lodwar 350, Kakuma 250. Safari hii kijana hakungoja leso ifunguliwe. Tarehe 31 Desemba alichukua uzoefu wa daftari, asilimia 9, akapata taa 54. Kila iliyorudi mwaka uliotangulia iligharimu wastani wa karibu shilingi 1,200. Akaandika debiti, gharama za dhamana, 64,800. Krediti, tengo la dhamana, 64,800. Taa ikirudi, betri au taa mpya itatoka stoo na kupunguza lile tengo, na mwezi huo faida haiguswi.

Mzee aliitazama ile krediti.

"Hizi elfu sitini na nne ziko wapi? Nataka kuziona."

"Hazipo, mzee. Ziko kitabuni."

"Kwa hiyo nisichukue pesa ambayo haipo?"

Swali lilikuwa zuri kuliko alivyojua mwenyewe, na wafanyabiashara wengi hukwama hapohapo. Tengo si sanduku la fedha. Ni kumbukumbu kwamba sehemu ya mali ya duka tayari ina mwenyewe. Fedha zenyewe zinaweza kuwa zimegeuka mabati. Siku wateja wakija, kitabu hakiwezi kununua betri. Walichoamua kilikuwa cha kienyeji na kikafanya kazi: kwa kila taa iliyouzwa, shilingi 108 zilihamishiwa kwenye akaunti ya pembeni ambayo mzee aliahidi, mbele ya mkewe, kutoigusa.

Halafu Kakuma ikawafundisha lao.

Wa kwanza alikuwa kijana Mkongomani, fundi cherehani. "Ndugu, hii taa haiwake tena. Muliniambia mwaka moja." Taa ilifunguliwa, betri ilikuwa hai. Tundu la kuchajia simu ndilo lililolegea, limechakaa kama tundu la kitasa cha zamani. Wiki iliyofuata ikaja nyingine ya ugonjwa uleule, kisha nyingine. Karani alipouliza, jibu lilikuwa jepesi: watu walikuwa wakichajia majirani simu kwa shilingi 20. Taa iliyotengenezwa ichaji simu moja usiku ilikuwa ikichaji sita mchana.

Kadi ya manjano ilikuwa na mstari mdogo chini: dhamana haihusu uharibifu wa mtumiaji. Karani aliuonyesha ule mstari. Mzee akaufunika kwa kidole gumba.

"Kakuma taa ni chaja. Tuliwauzia tukijua. Wape."

Walipewa, wakaendelea kupewa. Kwa kufanya hivyo duka lilijifunga kwa kamba nyingine. Kiwango cha uhasibu hakitazami karatasi peke yake: kama mwenendo wako umewafanya watu watarajie kwa haki kwamba utalipa, hilo nalo ni deni, mahakama iwe na lake au isiwe nalo. Mstari mdogo wa kadi ulikufa siku ile kidole gumba kilipoufunika, na hesabu ilipaswa kulijua hilo.

Kulikuwa na jambo jingine la Kakuma lisilokuwepo Lodwar. Mwenye taa aliweza kupata safari ya kwenda kuishi Marekani au Kanada, akaacha vitu vyake kwa jirani, jirani akaviuza. Taa ikarudi dukani mikononi mwa mtu wa tatu, bila kadi wala risiti. Hapo daftari la mistari minne liliokoa mabishano. Namba ya taa ilisomwa, tarehe ikaonekana, na duka likaamua kwamba dhamana inaifuata taa, haimfuati mtu.

Mwisho wa 2018 hesabu ilisomeka hivi: Lodwar taa 30 zilirudi kati ya 350, chini kidogo ya asilimia 9. Kakuma zilirudi 35 kati ya 250, asilimia 14. Jumla 65, gharama 78,000. Tengo lilipungukiwa kwa shilingi 13,200.

Kijana alidhani ameshindwa tena. Mwalimu wake wa zamani wa uhasibu, kwa simu, alimtuliza kwa kumtenganishia mambo mawili. Desemba 2016 hakuweka chochote ingawa kadi 400 zilikuwa nje na yeye alijua. Hilo lilikuwa kosa, na kosa la mwaka uliopita husahihishwa kwa kurudi nyuma kwenye hesabu za mwaka huo. Desemba 2017 alikadiria kwa taarifa bora aliyokuwa nayo, kisha taarifa mpya zikaja. Hayo ni mabadiliko ya makadirio. Ile 13,200 inaingia mwaka huu, na anasonga mbele. Kukadiria vibaya kwa nia njema kuna nafasi yake katika vitabu. Kutokadiria hakuna, kwa sababu sifuri nayo ni makadirio: inadai kwamba hakuna taa hata moja itakayorudi, dai ambalo hakuna muuza taa wa Turkana anayeweza kuliapia.

Wakubwa nao wamepita njia hiyo. Julai 2007 kampuni ya Microsoft iliongeza dhamana ya mashine yake ya michezo, Xbox 360, hadi miaka mitatu kwa hitilafu moja iliyokuwa ikijulikana sana, ikatangaza gharama ya zaidi ya dola bilioni 1 kwa mkupuo. Mashine nyingi zilikuwa bado zinafanya kazi sebuleni mwa watu siku ile. Gharama iliandikwa kwa sababu ahadi ilikuwa imetoka. Kadi ya manjano ya Lodwar na tangazo lile la Marekani ni hesabu moja, zinatofautiana sifuri tu.

Jambo moja mwenye duka asilisahau: kitabu cha faida na kitabu cha kodi havisomi sawa. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya huruhusu gharama zilizotumika kikamilifu kwa ajili ya kuzalisha mapato, na tengo la jumla la mambo yajayo halikubaliki kama punguzo. Mamlaka ya Mapato inataka kuona betri iliyonunuliwa na taa iliyobadilishwa. Kwa hiyo tengo liliongezwa tena kwenye hesabu ya kodi, na gharama halisi zikatolewa mwaka zilipotokea. Daftari lilitumika hapo pia, maana kila taa ilikuwa na namba na tarehe.

Desemba 2018 maduka yaliuza taa 700: Lodwar 300, Kakuma 400. Karani hakuchanganya tena miji miwili katika chungu kimoja. Asilimia 9 kwa Lodwar ikampa taa 27, asilimia 14 kwa Kakuma ikampa 56. Taa 83 kwa shilingi 1,200, tengo 99,600. Na mkataba mpya na msambazaji ulikuwa na kifungu kimoja kilichoongezwa kwa kalamu: mwaka uhesabiwe tangu taa inapouzwa kwa mteja, kwa ushahidi wa daftari. Msambazaji alilalamika, kisha akasaini.

Mzee alikuwa amepanga kuchukua shilingi 150,000 za sikukuu. Alikaa na leja karibu saa nzima, akanywa chai mbili, akachukua 60,000.

Kwa mwenye duka anayesoma haya Lodwar, Kakuma au kwingineko, awe anauza simu, pikipiki, magodoro au pampu za maji, kazi ya kuanzia si kubwa. Afungue daftari kabla ya kuuza bidhaa yenye ahadi. Asome tarehe ya dhamana ya aliyemuuzia, aone inaanzia wapi. Kabla ya kugawa faida ya msimu, ajiulize ni bidhaa ngapi ziko nje zikiwa na muhuri wake, na katika mia moja huwa zinarudi ngapi. Asipojua, aulize majirani wa biashara, aandike namba, kisha airekebishe mwaka ujao.

Hadi Desemba 2019 zilikuwa zimerudi taa 81. Shilingi 2,400 zilizobaki kwenye tengo zikarudishwa kwenye faida.